Tovuti ina wiki 3, wageni ni mimi na wife. Nibusti, nilipie Google au nikomae na WhatsApp?

Bobini_Kkoo
Wakuu heshima kwenu. Nina kaduka ka spea za cherehani hapa Kariakoo, bobini, sindano, mikanda, mota na vikorokoro vingine, na nimefungua tovuti kwa sababu wateja wangu wengi wako mikoani, mzigo tunawatumia kwa basi. Sasa wiki ya 3 hii takwimu zinaniambia watu 4 kwa siku, na mmoja ni mimi, mwingine wife nikimwambia hebu fungua uone. Nina laki na nusu ya kuitangaza, hapo ndo mwisho. Nibusti Insta na Facebook (yaani nilipie post zionekane na wengi), nilipie matangazo ya Google, nimpe mtu mwenye followers wengi anipost, au nikomae na za bure? Halafu kuna jamaa kanifuata inbox anasema nimpe elfu 50 aniletee wageni 10,000. Mliopitia huku nisaidieni.

Mkaa_Mbadala
Huyo wa elfu 50 mblock leo leo. Mimi niliingia kichwa kichwa mwaka jana, kweli wageni wakamiminika, grafu ikapanda kama mnazi, kuangalia vizuri wote wa nchi za mbali, mtu anaingia anatoka hapo hapo, hakuna hata mmoja aliyegusa kitufe cha kupiga simu. Zile ni roboti mkuu. Mimi nauza mkaa mbadala Buza, roboti anapikia nini?

Dada_Mapazia
Kwenye kubusti nilichoma elfu 60 kwa siku 5. Laiki kama mvua, mteja akapatikana mmoja tu, na ni jirani yangu wa Tabata 😂. Ila niseme ukweli, kosa lilikuwa langu, nililenga Tanzania nzima, wanaume kwa wanawake, na link ikawapeleka ukurasa wa mbele ambao una karibuni sana na picha ya maua. Ukibusti peleka mtu moja kwa moja kwenye kitu chenyewe na bei yake. Pia link ukiiandika kwenye maelezo ya post ya Insta haibonyezeki, iweke kwenye bio au stori.

WhatsApp ndo iliyoniokoa. Status inakaa masaa 24 tu na brodikasti, ule ujumbe mmoja unaotuma kwa wengi kwa mpigo, inafika kwa yule aliyekusevu peke yake, listi moja haizidi watu 256, lakini kaka hao 256 wanakujua, walishakulipa wakapata mzigo. Anza nao.

Chai_na_Kodi
Natengeneza tovuti, naona mnabishana rangi ya mlango wakati nyumba haina barabara. Mkuu Bobini, nenda Google uandike site: halafu hapo hapo bila kuacha nafasi anwani ya tovuti yako. Isipoleta kitu basi Google haikujui. Kama tovuti umeijenga kwa WordPress ingia Settings, Reading, kuna kiboksi cha kuzuia mitambo ya kutafuta kama Google, mafundi tunakiweka tiki wakati wa ujenzi halafu tunasahau kukitoa (ndiyo, na mimi nimeshasahau, mteja alikaa miezi miwili anashangaa). Ukimaliza jisajili Search Console ya Google, ni bure, upeleke sitemap, yaani orodha ya kurasa za tovuti yako. Haimaanishi kesho asubuhi utakuwa wa kwanza, inaanza kukutambua tu. Na duka liweke kwenye ramani ya Google, nayo bure.

Kuhusu hela: mtu akiwa Insta anaangalia umbea, hajaamka na wazo la mota ya cherehani. Aliyeandika Google "cherehani inakata uzi" ana gauni la harusi mezani na mwenye gauni anapiga simu. Kwa hiyo kwa biashara yako ningelipia Google kidogo kidogo, maneno machache ya spea zenyewe, unalipa mtu akibonyeza. Wa followers wengi sahau, mashabiki wake hawana cherehani.

Fundi_Moro
Mi ndo mteja mwenyewe sasa, nashona Morogoro. Chai umeongea point ila sisi mafundi hatuanzii Google, tunaanzia kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, mtu anapiga picha spea iliyovunjika anauliza hii inaitwaje inapatikana wapi. Bobini ingia humo ujibu watu, usimwage link kama mhubiri wa stendi, utatolewa. Jibu swali kwanza, link baadaye.

Na nimeifungua tovuti yako, picha nzito bando limelia. Halafu umeandika "sindano bora za kisasa", sasa nijue ni DB au HA? Cherehani ya kiwandani inakula DB, ya nyumbani kama Butterfly inakula HA, ukinitumia siyo umenipotezea nauli ya basi. Andika hivyo hivyo, namba 14, namba 16, na mashine inayoingia.

Dada_Mapazia
Fundi hapo umeua. Na aandike nauli ya mzigo, hilo ndo swali la kwanza la kila mtu wa mkoani.

Bobini_Kkoo
Wakuu nimerudi. Kiboksi KILIKUWA NA TIKI. Wiki 3 nzima!! Nimempigia fundi wangu kacheka tu, kasema pole boss.

Nimekitoa, sitemap nimepeleka, jana usiku tumekaa na wife tunapunguza picha na kuandika upya sindano zote kama Fundi alivyosema. Hela nimeigawa hivi, elfu 80 Google, elfu 20 bando la kushinda kwenye magrupu, inayobaki naishikilia kwanza nione upepo. Leo wameingia watu 19, kumi na kitu wametoka kwenye status. Mmoja wa Kahama ameuliza DB namba 14 pakiti 5 na nauli, ngoja nimjibu huyu kabla hajapoa.