Wakuu msaada: vigezo 58, nivichuje kwa njia gani? Mti wa maamuzi umenipa asilimia 98.5

Mtoto wa Mbagala (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana hili jambo limeshaninyima usingizi.

Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, na huku nafanya kazi SACCOS moja hapa Dar, kitengo cha mikopo. Tasnifu yangu ni kutabiri mwanachama gani atashindwa kurejesha mkopo. Nina data ya mikopo ya nyuma yenye vigezo 58: umri, kipato, akiba, hisa, wategemezi, kata anayoishi, wadhamini na mengineyo. Msimamizi anataka regresheni ya lojistiki, vigezo vichujwe hatua kwa hatua kama walivyofanya wote walionitangulia. Mimi nimejaribu mti wa maamuzi, ile modeli inayouliza swali baada ya swali na kugawa watu kwenye matawi, umejichagulia vigezo vitatu tu na unapatia kwa asilimia 98.5. Kuna jamaa ananiambia niachane na vyote niende laso.

Kati ya hizi tatu ipi ni sahihi? Naomba majibu ya kisomi, matusi hapana.

Fundi Seremala
Mti gani mkuu, mninga au mkongo? Kama ni msonobari usijisumbue, wadudu watautafuna kabla hujatetea tasnifu.

Kipanga wa Namba
Laso, usisikilize mtu mwingine. Tibshirani aliileta 1996 na tangu hapo sioni sababu ya mtu kuchuja kwa mkono. Inavitoza faini vigezo vyote kwa pamoja, vile dhaifu vinashuka mpaka sifuri kabisa, vinatoka vyenyewe. Ile njia ya Hoerl na Kennard ya 1970, ridge, ilikuwa inavipunguza nguvu tu bila kuvitoa. Faini iwe kubwa kiasi gani unaamua kwa kuigawa data mafungu kumi, kila fungu linakuwa la mtihani kwa zamu yake. Nimeitumia kazini kwenye data ya mahindi, bosi mwenyewe alishangaa.

Mwl. Mstaafu
Vijana mna haraka. Sisi tulichuja kwa utaratibu: kigezo kimoja kimoja kwanza, chenye thamani ya p (kipimo cha jinsi bahati tupu ingeweza kutoa uhusiano huo) chini ya 0.25 kinaingia, halafu vyote pamoja, kinachobaki chini ya 0.05 ndicho jibu. Tukapata digrii, tukajenga, tukasomesha. Msikilize msimamizi wako. Mwanafunzi anayebishana na msimamizi hatimaye anabishana na ada ya mwaka mwingine.

Bint Takwimu
Mleta mada, kabla ya njia nina maswali matatu. Kwenye hiyo mikopo, wangapi walishindwa kulipa? Mti wako unauliza nini kwanza, kule juu kabisa? Na ulivichuja vigezo kabla au baada ya kutenga data ya kujaribia?

Mtoto wa Mbagala
Asante dada. Mikopo ni 1,140. Niligawa 70 kwa 30 kama inavyotakiwa, na hiyo 98.5 ni kwenye ile 30 ambayo mti haujawahi kuiona, kwa hiyo suala la kukariri data halipo. Hicho kigezo cha juu sidhani kama kinahusiana na swali langu, na kuna siri za ofisi humo. Mimi nauliza njia.

Mama Nasra
Mnaongea vigezo, mimi naongea maisha. Nilichukua mkopo wa kausha damu nikauze vitenge. Waliniuliza vigezo? Walitaka kitambulisho na wajumbe wawili, basi. Siku ya marejesho wanakuja kuimba mlangoni, majirani wote wanatoka nje kuangalia. Hao mnaotaka kuwatabiri ni watu, mwanangu. Mtu hashindwi kulipa kwa sababu ya umri wake, anashindwa kwa sababu mtoto ameugua.

Wa Githurai
Huku Kenya tangu M-Shwari ije 2012 ni simu inaamua upewe ngapi. Mimi nilikuwa nalipa mapema kila mara, na siku moja limiti ikashuka tu. Sijui ni mti, sijui ni msitu. Hakuna mtu wa kuuliza.

Bint Takwimu
Mleta mada hujajibu hata moja. Walioshindwa ni wangapi?

Mtoto wa Mbagala
38.

Bint Takwimu
Haya. 38 kati ya 1,140. Mimi nikikaa hapa bila kompyuta nikasema "wote watalipa", nimepatia kwa asilimia 96.7. Kwenye ile 30 yako kuna mikopo 342, walioshindwa humo kama 11. Ukisema wote watalipa unapatia 331, mti wako umepatia 337. Sifa zako zote ni watu sita.

Halafu kuna hili. Kanuni waliyoizoea wengi, aliyoipa nguvu Peduzzi na wenzake 1996, ni matukio (kwako ni walioshindwa kulipa) kama kumi kwa kila kigezo. Wengine wanailegeza, wengine wanaikaza, lakini wewe una matukio 38 kwa vigezo 58. Data yako inabeba vigezo vitatu, vinne ukijitahidi, na hiyo ni hata kabla hujaanza kuchuja. Kuchuja nako kunakula data.

Sasa lile swali la pili.

Mwl. Mstaafu
Binti, hiyo p ya 0.25 imo vitabuni.

Bint Takwimu
Imo, mwalimu, na shikamoo. Lakini piga hesabu: vigezo 58 ambavyo vyote ni takataka, vimezalishwa na kompyuta bila uhusiano wowote na mkopo. Kwa p ya 0.25, robo yake vitapita kwa bahati tu, yaani 14 au 15. Unavichukua hivyo, unavitia kwenye modeli ya pili, na baadhi vinatoka na p chini ya 0.05, kwa kuwa modeli ya pili haijui kwamba kulikuwa na mchujo wa kwanza. David Freedman alilionyesha hili 1983. Alitengeneza safu mlalo 100 za data na vigezo 50 vya kubuni, visivyohusiana na chochote. Mchujo wa kwanza vikapita 15. Mzunguko wa pili sita vikaonekana vina maana chini ya 0.05. Kulikuwa hakuna kitu.

Mleta mada, vyako vilipita vingapi?

Mtoto wa Mbagala
19. Na ndiyo, nilichuja kwanza ndipo nikagawa. Lakini mti uliviona hivyo 19 tu, kwa hiyo kazi yake ilikuwa safi.

Kipanga wa Namba
Mkuu, ile 30 uliyoitenga ilishashiriki kuchagua hivyo 19. Ni mtahiniwa aliyekaa kwenye kamati ya kutunga mtihani. Mchujo unatakiwa uwe ndani ya kila fungu, urudiwe upya kila zamu. Hata laso ukiipa vigezo vilivyochujwa hivyo inadanganyika vilevile, na mimi ni mtu wa laso.

Bint Takwimu
Kigezo cha juu. Nasubiri.

Fundi Seremala
Naweka kiti hapa. Muuza karanga pita na huku.

Mtoto wa Mbagala
Sawa. Mnanilazimisha. Ni "idadi ya simu za kumkumbusha mwanachama". Zikizidi mbili mti unasema atashindwa. Cha pili ni kata anayoishi, cha tatu ni akiba. Na kabla hamjaanza kunishambulia: ile idadi ya simu imo kwenye mfumo wa ofisi, sikuitunga, na kitakwimu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kama data inasema hivyo, mimi ni nani niikatae?

Bint Takwimu
Simu hizo mnapiga lini?

Mtoto wa Mbagala
Mtu akichelewesha rejesho.

Bint Takwimu
Basi umetabiri mvua ukiwa umeshalowa. Siku mwanachama anapoomba mkopo, simu ni sifuri kwa kila mtu, mti wako utampitisha kila mtu. Wale sita umewajua kwa sababu ofisi ilishawapigia. Na kutenga 30 hakukusaidii hapo, kwa kuwa simu zimo kwenye 70 na zimo kwenye 30. Mtihani nao umevuja.

Na hiyo kata: mna kata ngapi?

Mtoto wa Mbagala
Zaidi ya thelathini.

Bint Takwimu
Miti ya aina ya Breiman na wenzake, ile ya 1984, inapenda mno vigezo vyenye makundi mengi. Kigezo chenye makundi mawili kinaweza kukatwa kwa namna moja tu. Chenye kumi kina namna 511 za kukatwa vipande viwili, chako cha thelathini na kitu usiniulize. Kikipewa nafasi nyingi hivyo lazima kipate mkato mmoja unaopendeza kwa bahati. Ndiyo maana Hothorn, Hornik na Zeileis wakaja 2006 na miti inayopima kwanza kama uhusiano upo, ndipo itafute pa kukata. Kwa hiyo usimnyime mtu mkopo kwa kuwa anakaa kata fulani ambayo walishindwa watu wawili.

Mama Nasra
Hapo umesema dada. Kwetu bondeni tukitaja tu tunapoishi, mkopo umekufa.

Inspekta Kanzu
Samahani wakuu, naingia na jambo jingine. Hii ni chai, na haina hata tangawizi.

Moja: mtu wa uzamili wa takwimu asiyejua kwamba 38 kati ya 1,140 inakupa 96.7 ya bure, chuo gani hicho? Mbili: nimepitia nyuzi zake. Kwenye jukwaa la kilimo huyuhuyu anauza kuku chotara na anasema yuko Mbeya. Leo ni afisa mikopo wa Dar. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua: angalia alivyokuwa anazungukazunguka kutaja vigezo vitatu, halafu akavitaja na mpaka wa simu mbili. Huyu si afisa mikopo. Huyu ni mwanachama aliyenyimwa mkopo, ameokota vipande vya mfumo wa ofisi, sasa anataka tumfundishe mti unavyofikiri apenye.

Fundi Seremala
Kuku chotara bei gani?

Wa Githurai
Hahaa, sasa hii imekuwa sinema.

Mtoto wa Mbagala
Inspekta, nimejiheshimu sana kwenye uzi huu. Kuku ni wa mdogo wangu yuko Mbeya, natumia akaunti yangu kumtangazia. Mshahara wa SACCOS unaujua wewe? Na mtu aliyenyimwa mkopo atajua laso ni nini?

Inspekta Kanzu
Hujasema chuo. Hujaweka hata picha ya huo mti. Uzi bila picha ni simulizi.

Mwl. Mstaafu
Niliwahi kumsimamia kijana aliyeleta data ya kubuni. Nilimjua kwa sababu haikuwa na pengo hata moja. Data ya kweli ina umri wa miaka 199 na mwanamume mwenye mimba. Mleta mada, yako ina mapengo?

Mtoto wa Mbagala
Mwalimu, kuna mwanachama amezaliwa 2091, na kipato kiko wazi kwa karibu theluthi. Niliwajaza wastani.

Mwl. Mstaafu
Basi mimi namwamini.

Kipanga wa Namba
Theluthi umejaza wastani?! Huo ni uzi mwingine kabisa.

Bint Takwimu
Iwe chai iwe maziwa, kosa ni lilelile na wengi wanalifanya. Mimi ningekushauri hivi. Futa kila kigezo kilichojulikana baada ya mkopo kutoka: simu, faini, ziara za ufuatiliaji. Vinavyobaki, usivichuje kwa p. Kaa na maafisa wawili wa zamani, chagueni vitatu au vinne ambavyo mna sababu navyo, muviandike kabla ya kugusa data. Ukitaka laso, iwe kwenye hivyohivyo au iwe na mchujo wote ndani ya mafungu. Na usiripoti asilimia ya kupatia. Ripoti kati ya walioshindwa umewakamata wangapi, na umewasingizia wangapi. Mbona una haraka lakini? Unatetea lini?

Mtoto wa Mbagala
Kutetea bado. Tatizo ni kwamba ile 98.5 nilishampa meneja, akaipenda, akaiweka kwenye ajenda ya bodi. Wanataka mti uanze kutumika dirishani robo ijayo, na wajumbe wa kamati ya mikopo wapunguzwe. Sikuona shida kwa sababu namba ilikuwa nzuri. Na mti wenyewe si wangu, programu ya R ndiyo imeuchora.

Mama Nasra
Ewe Mola.

Inspekta Kanzu
Narudisha nusu ya maneno yangu. Chai huwa haina bodi.

Wa Githurai
Kwa hivyo kuna watu watapoteza kazi juu ya watu sita?

Kipanga wa Namba
Mkuu, mwandikie meneja leo. Na hizo taarifa za wanachama ulizipata kwa kibali cha utafiti? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mwanachama alitoa kipato chake apate mkopo, hakukitoa kwa ajili ya tasnifu yako.

Mtoto wa Mbagala
Mambo ya kibali tuyaache, meneja anajua. Nimefanya mlivyosema. Nimetoa simu, faini na ziara, nimeendesha upya rpart, kifurushi cha R kinachochora miti. Haijachora kitu. Imetoa jani moja tu limeandikwa "atalipa". Hakuna tawi hata moja. Kompyuta imeharibika au?

Fundi Seremala
Hicho sasa ni kisiki. Kalia upumzike.

Bint Takwimu
Haijaharibika. Inakwambia kwamba kwa walioshindwa 38 na vigezo ulivyobaki navyo, hakuna mkato unaolipa gharama yake. Hayo ni matokeo. Yaandike.

Mtoto wa Mbagala
Dada, siwezi kwenda kwenye bodi na jani. Wanakaa Alhamisi. Nimeona kuna kitu kinaitwa cp kinachozuia matawi, mwenye kujua namna ya kukishusha anielekeze, nipate angalau matawi manne matano. Maelezo nitayatafuta mwenyewe.

Bint Takwimu
Hapana.

Kipanga wa Namba
Usithubutu. Hayo matawi yatakuwa ya bahati nasibu.

DogoR_254
Sijasoma uzi wote ila hili ni jepesi. Andika control = rpart.control(cp = 0.0001, minsplit = 5). Utapata matawi mpaka ukose pa kuyaweka.

Mtoto wa Mbagala
Imekubali! Matawi kumi na moja. Ubarikiwe sana mkuu, kwenye uzi mzima wewe peke yako ndiye umejibu swali.