Naomba ushauri: programu ya wauza dagaa kupewa jina la Kijapani

Wakuu, habari za kazi. Niko Kigoma. Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za wauza dagaa wa Kibirizi: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa, nani bado anadaiwa. Tumekwama kwenye jina.

Mwenzangu anang'ang'ania neno la Kijapani, anasema lina mvuto. Anatolea mfano Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta wa mwaka 2004, neno la Kizulu na Kixhosa, na Joomla, programu ya kutengenezea tovuti ya 2005, ambayo ni "jumla" yetu iliyoandikwa kizungu. Kweli yamesambaa dunia nzima. Ila nasita. Tulimwomba mama mmoja pale sokoni alitafute hilo neno kwenye simu yake. Akaliandika alivyolisikia, ikamletea michezo ya watoto tu. Na wapo wateja wanaotoka Kongo na Burundi, nao lazima waweze kulitamka.

Mimi nalipenda zaidi neno la Kiha, Warundi watalielewa, lakini tukifika Mwanza je? Mliowahi kusajili jina kule BRELA (wakala wa usajili wa biashara), neno la kigeni mlihakikishaje halina maana mbaya kwa wenyewe? Tunataka kupeleka maombi mwezi huu.