Naomba ushauri: bia ya kumuenzi George Washington inagoma kuchachuka hadi mwisho

Wakuu, habari za majukumu. Kiwanda chetu kidogo hapa Virginia, Marekani, kinaandaa bia ya kumuenzi George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, kwa maelekezo aliyoyaandika kwenye daftari lake la mwaka 1757: pumba chekeche kubwa moja, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) kwa kadiri upendavyo, chemsha saa 3, chuja galoni 30, mimina galoni 3 za molasi ingali ya moto, iache ipoe hadi uvuguvugu, ndipo utie kwati moja (robo galoni) ya chachu.

Kwa majaribio tunatumia lita 20 za maji ya pumba na lita 2 za molasi. Haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki; namba hushuka bia ikichachuka) inaanza 1.038, kisha inagota 1.018. Tumepandisha joto kutoka nyuzi 18 hadi 22 na kuongeza chakula cha chachu. Ikashuka mpaka 1.016 tu. Molasi nyeusi tii iliacha ladha ya chuma, tukahamia nyepesi, afadhali kidogo. Pumba nazo hazitoi sukari ya maana: zikichemshwa moja kwa moja vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinakufa, wanga unabaki na bia inakuwa na ukungu. (Zikishika chini ya sufuria, harufu ya kuungua haitoki tena.)

Nikiloweka pumba pamoja na kilo 1 ya kimea cha shayiri kwa nyuzi 65 saa nzima kabla ya kuchemsha, bado ni haki kuiita bia ya Washington? Na daftari linataka ijazwe chupani wiki moja baada ya kupikwa, kwa 1.016 hiyo, chupa hazitapasuka?