Ulinganisho: Ndege kwenye picha ya babu ni Dragon, Rapide au Dragonfly?

BintiMkwaju
Habari wadau. Nina picha ya babu mzaa baba amesimama na wenzake mbele ya ndege. Nyuma pameandikwa "Tanga" kwa penseli, mwaka hakuna. Ndege ina bawa la juu na la chini, injini mbili, na magurudumu yamefunikwa. Watu wameziba mkia wote, na ncha ya bawa imekatwa na ukingo wa picha. Nimepekua nikabaki na tatu, zote za de Havilland wa Uingereza: DH.84 Dragon, DH.89 Dragon Rapide na DH.90 Dragonfly. Kila ninaposoma naambiwa niangalie ncha za mabawa, na hizo ndizo sina. Nianzie wapi?

fundi_mstaafu
Mwanangu, anzia kwenye injini. Dragon iliruka mara ya kwanza mwaka 1932 ikiwa na injini mbili aina ya Gipsy Major za silinda nne, nguvu ya farasi 130 kila moja. Rapide ya 1934 ina Gipsy Six, silinda sita kwenye mstari mmoja, farasi 200. Silinda zile mbili za ziada hazifichiki hata kifuniko kikiwa kimefungwa, maana injini inatokeza mbele zaidi. Dragonfly nayo ina Gipsy Major. Ukiona injini ndefu, umeshaziondoa mbili kwa mpigo.

Magurudumu usiyaamini peke yake. Dragon za mwanzo zina miguu iliyo wazi, lakini kwenye Dragon 2 miguu ilifunikwa. Wengi wanaona kifuniko tu, wanaandika Rapide.

KijanaWaWilson
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, picha ikipigwa kutoka mbele, injini ndefu huonekana fupi. Mimi naona bawa lina ushahidi mzito kuliko injini. Bawa la Dragon lina upana uleule karibu urefu wake wote, la Rapide linapungua kuelekea nje. Ncha haihitajiki. Binti, bawa linaloonekana linakuja upande wa kamera au linakwenda mbali nayo?

BintiMkwaju
Linakuja upande wa kamera.

KijanaWaWilson
Basi una bahati. Kitu kinachosogea kwenye kamera kinatakiwa kionekane kipana zaidi. Chukua rula, pima upana wa bawa la juu pale juu ya injini, kisha pima kwenye nguzo za nje, zile zinazounganisha bawa la juu na la chini. Kama linapungua ilhali linasogea karibu, kupungua huko ni kwa bawa lenyewe.

fundi_mstaafu
Marahaba. Hoja yako ina nguvu, naikubali kwa picha hii. Ila bawa halitaiondoa Dragonfly, nayo mabawa yake yanapungua. Hapo tazama nafasi kati ya mwili wa ndege na injini. Dragonfly iliundwa nafasi ile iwe wazi, bila waya za kukaza mabawa, ili abiria waingie kwa urahisi. Ilikuwa ndogo, watu watano pamoja na rubani, na zilitengenezwa 67 tu. Rapide zilizidi 700.

BintiMkwaju
Nimepima. Juu ya injini milimita 19, kwenye nguzo za nje 15. Na waya zipo, zinakatiza kati ya mwili na injini, moja inapita juu kidogo ya kofia ya mtu wa kushoto.

Kumbukumbu_za_Pwani
Kabla hamjafunga mjadala: ncha ya bawa imekatwa, sasa mmejuaje kwamba injini ni mbili? DH.86, ndege nyingine ya de Havilland, ina bawa linalopungua, ina Gipsy Six hizohizo na magurudumu yaliyofunikwa, lakini injini zake ni nne. Picha iliyokatwa inaweza kuficha ya nje kabisa. Binti, ukitoka kwenye injini kwenda nje, jozi ya nguzo inayofuata ina nini miguuni pake?

BintiMkwaju
Hakuna kitu. Nguzo zinashuka moja kwa moja kwenye bawa la chini.

Kumbukumbu_za_Pwani
Kwenye DH.86 pale pangekaa injini ya pili. Hiyo ni Rapide, naandika bila wasiwasi. Usajili unasomeka?

BintiMkwaju
Ubavuni naona VP-K, baada ya hapo bega la babu.

KijanaWaWilson
VP-K ni Kenya, Tanganyika ilikuwa VR-T. Isikushangaze kuikuta Tanga. Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ilihudumia pwani hii hadi vita vilipoanza. East African Airways ilianza 1946 na Rapide sita. Zote mbili zilitumia VP-K, kwa hiyo herufi hizo hazikutenganishii miaka.

Kumbukumbu_za_Pwani
Watu ndio watakaotenganisha. Babu alikuwa askari? Amevaa nishani?

BintiMkwaju
Alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), alifika Burma. Kifuani ana nishani tatu, mbili zina umbo la nyota. Kwa kioo cha kukuzia nimehesabu ncha sita.

Kumbukumbu_za_Pwani
Nyota za ncha sita ni za Vita Kuu ya Pili, na nishani zenyewe waligawiwa baada ya vita. Wilson Airways haikuwepo tena. Picha hii ni ya 1946 au baadaye, na mimi naipa East African Airways nafasi kubwa.

mpiga_picha_Moshi
Msimalizie kwa rangi tu, naona kwenye picha za namna hii watu wanabishana sana kuhusu mistari ya shirika. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi nyekundu, hivyo nyekundu hutoka karibu nyeusi na bluu hutoka hafifu. Binti, skani kwa dpi 1200, si kwa simu, halafu kuza pale bega linapokutana na herufi. Tazama pia chini ya bawa la chini, usajili uliandikwa hapo vilevile.

fundi_mstaafu
Ukipata hata herufi moja baada ya K, ilete. Kwa kawaida zilitolewa kwa mfuatano, KAA, KAB na kuendelea, kwa hiyo itapunguza sana orodha.

BintiMkwaju
Chini ya bawa kuna kivuli, lakini naona mguu wa herufi ulionyooka na tumbo la mviringo kulia kwake. Inaweza kuwa D. Picha naipeleka kuskaniwa Jumatatu, nitaiweka hapa nzima.