Mkulima wa mwani mwenye miaka 45: afundishwe kuogelea, au apewe ngarawa? Tujadili

Mwanzisha mada, Paje
Assalaam alaykum. Hoja hii imezua maneno barazani kwetu, nikaona niilete hapa.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima ni wanawake. Kazi yenyewe haikutaka kujua kuogelea: maji yakitoka unakwenda kwa miguu mpaka shambani, unafunga mwani kwenye kamba, unavuna, yakianza kujaa unarudi. Lakini maji madogo siku hizi yanapata moto. Mwani mnene, wenye bei nzuri kuliko mwembamba, unapauka, unakatika vipande na kwenda na maji. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, akiwemo Dk. Flower Msuya, wamehangaika na namna ya kuulima kwenye kina, kwa kamba za kuelea na mikoba ya nyavu. Sasa mama aliyezoea maji ya magotini anaambiwa asogee pale mguu usipofika chini.

Msimamo wangu: ajifunze kuogelea, hata kama ana wajukuu. Eti umri umepita! Mwili wenye pumzi kifuani unaelea, na maji ya chumvi yanabeba zaidi kuliko ya mtoni. Kinachozamisha ni khofu: mtu ananyanyua kichwa, kiuno kinashuka, anaanza kupigapiga mikono. Hilo linafundishika.

Mvuvi, Mkokotoni
Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, mie naogelea tangu utotoni na siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, kuna mahali siingii. Mkondo hauulizi kama unajua. Anayelima kwenye kina anataka chombo, jaketi la kujiokolea na mtu wa pili juu ya chombo.

Na kuna hili linanikera. Kila mwani ukiharibika au bei ikianguka, anayeambiwa abadilike ni yule yule mama. Ajifunze kutengeneza sabuni, ajifunze hesabu, ajifunze ujasiriamali, leo aogelee. Mnunuzi yeye anajifunza nini?

Mzee wa Tumbe
Pemba ndiko mwani mwingi unakotoka, msitusahau. Elimu siipingi. Napinga mama zetu kufundishwa ufukweni mbele ya wageni na vijana wenye simu mkononi. Mtu mzima akichekwa mara moja harudi tena, na picha ikishatoka haifutiki.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake
Mzee wangu, shikamoo. La simu nakuunga mkono. Lakini tusilifanye kuogelea kuwa jambo la ajabu kwetu. Hata kauli inayonasibishwa kwa Sayyidna Omar inahimiza watoto wafundishwe kuogelea. Sisi tumeipuuza kwa watoto wa kike, na ndio maana leo tunajadili bibi wa miaka 45.

Na si mwani tu. Meli ya MV Spice Islander ilizama Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikija huku Pemba. Julai 2012 ikafuata meli ya Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, bahari ile na giza lile. Nasema watu wa visiwa tunaopanda meli kwenda hospitali na harusini hatuna udhuru wa kutojua hata kulala chali juu ya maji.

Mkulima wa mwani, Jambiani
Nani kati yenu anafunga mwani? Mimi nafunga, na kuogelea najifunza.

Tunakwenda wanawake watupu, mwalimu mwanamke, asubuhi na mapema kabla ufukwe haujachangamka. Suruali, fulana ya mikono mirefu, mtandio umefungwa nyuma. Kanga tumeziacha nyumbani, kanga ikirowa inakukaba miguu. Simu zinabaki kwenye mkoba mmoja. Hatukuanza kwa kuogelea. Tulianza kutia uso majini na kutoa pumzi kwa pua, mapovu yanapanda, watu wanacheka. Kisha kulala chali, mwenzio kaweka kiganja chini ya mgongo wako. Masikio yamo majini, husikii kitu ila pumzi zako. Kiganja anakiondoa bila kukwambia. Nilimkasirikia nilipojua, maana kitambo nilikuwa naelea peke yangu.

Kinachotushinda ni muda, wala si umri. Bamvua likija tuko shambani, hapo usimwite mtu darasani. Maji mafu ndio wakati wetu: bahari haitoki mpaka mashambani, kazi hakuna, na mkondo umelegea. Waliotuletea mafunzo mwanzo walipanga kwa kalenda ya ofisini, wakashangaa hatuji.

Na ngarawa ewe mvuvi naitaka, usidhani siitaki. Ila nikikaa ndani ya chombo cha mtu nami naogopa maji, huyo mwenye chombo ndiye atakayeamua nivune lini.

Mzee wa Tumbe
Kama ni hivyo, stara ipo, sina neno. Lakini huku mwalimu mwanamke tumtoe wapi?

Mwanzisha mada, Paje
Mtu wenu aje ajifunze huku, arudi akafundishe. Jaketi na mtu wa pili nakubali ni lazima, hapo mvuvi kanishinda. Bei ya mwani ni mada nyengine.

Mvuvi, Mkokotoni
Si mada nyengine hata kidogo! Mama atapita khofu yote hiyo, atalima mnene kwenye kina, akifika mizanini akute bei ya mwaka juzi. Atauliza kajifunza kwa faida ya nani.

Mkulima wa mwani, Jambiani
Kwa faida yangu. Bei tunagombana nayo kikundi kizima, hatuuzi tena mmoja mmoja. Mzee wa Tumbe, leta watu wawili bamvua hili likipita, siku za maji mafu. Pa kulala papo kwangu, waje na suruali zao.