Magnesiamu ipi kwa misuli inayochezacheza: oksaidi, sitreti au glaisineti?

Dereva wa Mikindani
Wakuu salaam. Kope la kushoto na paja vinanichezacheza hasa nikijilaza, haiumi ila inakera. Nimezunguka maduka ya dawa Mtwara mjini nikaonyeshwa magnesiamu oksaidi bei chee na sitreti bei imechangamka, jamaa yangu wa Dar yeye anasema niagize glaisineti tu. Naendesha usiku kwenda Masasi na kurudi, kahawa na enaji ndo vinanishika macho. Aliyewahi kutumia anielekeze, hela ipo ila sitaki iende bure.

Duka la Dawa Lindi
Mkuu zote hizo ni madini yaleyale ya magnesiamu, yamefungwa na kitu tofauti tu, kwa hiyo kwanza geuza kopo usome nyuma. Oksaidi kwa uzito ina magnesiamu nyingi, kama asilimia 60, ndo maana bei iko chini, lakini mwili unanyonya kidogo sana, inayobaki inavuta maji tumboni unaishia kukimbilia chooni. Sitreti inanyonywa vizuri zaidi, nayo inalegeza choo, kwa hiyo mwenye choo kigumu hapo kapata faida mbili. Glaisineti ni pole kwa tumbo, wewe unayeshinda kwenye usukani ndo ingekufaa, tatizo huku kusini mpaka uagize.
Halafu namba zinachanganya watu. Kopo likisema magnesiamu sitreti 500 mg, magnesiamu yenyewe humo ni kama 80 tu. Mtu mzima anahitaji kati ya 310 na 420 kwa siku pamoja na chakula, na kwa vidonge peke yake Wamarekani wameweka ukomo wa 350. Na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, vinavyoitwa magnesiamu mtaani, ni dawa ya asidi, usivifanye vya misuli.

Binti Nachingwea
Jamani tunaagiza makopo na magunia ya ufuta yamejaa ndani? Kiganja cha korosho, gramu 28 hivi, kina kama 74 mg, ufuta uliokaangwa kiasi hichohicho unafika 100. Weka na mbaazi, mchicha, na ugali wa dona badala ya sembe maana kwenye kukoboa ndo magnesiamu nyingi inapopotea. Mimi nakaanga ufuta kavukavu mpaka uanze kurukaruka, natwanga na chumvi kidogo, nanyunyizia kwenye mboga ya kunde, watoto wanagombania.

Mzee wa Kilwa
Chakula sawa binti yangu, ila mimi glaisineti imenisaidia kweli, nilikuwa nastuka usiku misuli ya miguu imekaza, sasa nalala.

Nesi Newala
Shikamoo mzee, nafurahi umepata nafuu. Ila tutenganishe, msuli kukaza mpaka unapiga kelele ni kitu kimoja na msuli kuchezacheza ni kingine. Hata kwenye huko kukaza, mapitio ya tafiti ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliona magnesiamu haiwasaidii sana wazee. Kuchezacheza kwa kope mara nyingi ni usingizi mdogo, kafeini na mawazo, na dereva ametaja viwili mwenyewe. Kaka punguza enaji kwanza ulale vizuri uone.
Mwenye figo mbovu asiguse vidonge hivi bila daktari, magnesiamu inajaa mwilini na inaweza kusumbua moyo. Anayetumia doksisaiklini au siprofloksasini atenganishe masaa, vikikutana tumboni antibayotiki hainyonywi. Na mkiona msuli unakosa nguvu, unanywea, au kumeza kunakuwa shida, hapo achaneni na maduka nendeni hospitali.

Mpulizaji Tandahimba
Naongezea la huku kwetu. Msimu wa kupulizia mikorosho, mtu akitoka shamba misuli inacheza, jasho na mate yanamtoka, macho hayaoni vizuri, hiyo si magnesiamu, ni sumu. Salfa, ile ya kuzuia ukungu wa mikorosho, haifanyi hivyo, ni zile dawa za wadudu za maji za kundi la oganofosfeti. Mvueni nguo, muosheni kwa maji na sabuni, wahini hospitali na kopo la dawa mkononi ili daktari ajue anapambana na nini. Nasema kwa uchungu kwa sababu watu wanapewa maziwa wanaambiwa walale.

Dereva wa Mikindani
Asanteni sana. Shambani siendi, enaji naacha kuanzia leo. Ila kuna kitu sikusema, vidonda vya tumbo vinanisumbua, nameza omeprazoli kila siku muda mrefu sasa. Inahusiana?

Duka la Dawa Lindi
Inahusiana sana, na ungeanza na hilo. Dawa za kundi hilo, za kupunguza asidi tumboni, zikitumika muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, zinaweza kushusha magnesiamu, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishatoa tahadhari tangu 2011. Kwa hiyo usinunue kopo lolote kwa sasa. Nenda hospitali, mwambie daktari habari ya omeprazoli, omba wapime magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na figo. Majibu ya magnesiamu yakija ya kawaida bado zungumza naye, maana iliyo kwenye damu haifiki hata asilimia 1 ya iliyo mwilini, nyingine iko kwenye mifupa na misuli. Omeprazoli usiikate mwenyewe, yeye ndo aamue ubaki nayo au akubadilishie.