Kupiga mbizi Poor Knights, New Zealand: nimezoea bahari ya joto tu, nijipangeje?

KinaKirefu:
Wadau habari zenu. Nina safari ya Auckland na nimejiapiza sirudi bila kupiga mbizi Poor Knights, vile visiwa vilivyo mbele ya Tutukaka. Cheti cha advansi ninacho ila mbizi zangu zote ni za bahari ya joto, suti ya milimita 3, maji digrii 27 au 28, matumbawe na jua. Kule naambiwa ni mwani, matao ya miamba, mapango na baridi. Tarehe sijafunga, naweza kwenda Novemba au nisubiri mpaka Machi. Mwezi upi bora, suti gani, vyuma vya kiunoni vya kunizamisha niongeze kiasi gani, na je kwa mtu wa kiwango changu ni sehemu ya kuogopa?

DadaWaMbizi:
Machi, wala usijiulize. Kumbuka majira ya kule yamegeuka, kiangazi chao ni Desemba hadi Februari, na bahari inachelewa kupata joto kwa hiyo Februari na Machi ndo maji yanakuwa vizuri zaidi, digrii 21 hivi na wakati mwingine zaidi kidogo. Agosti na Septemba yanashuka mpaka 14 au 15. Novemba kinachokuharibia siyo baridi peke yake, ni kwamba majira yao ya machipuo viumbe vidogo sana vinavyoelea baharini (plankton) vinazaliana kwa wingi na maji yanakuwa ya kijani, unasafiri mbali kote huko halafu huoni mbali. Halafu kiangazi samaki aina ya taa, wale bapa wenye mkia mrefu, wanakusanyika kwenye yale matao, hasa Northern Arch, unawakuta wamening'inia katikati ya maji wamepangana juu na chini, wakubwa kweli kweli, na wewe unatulia tu pembeni ya ukuta unawaangalia. Kwa hilo peke yake mimi ningesubiri.

Mkondo_Baridi:
Natofautiana na dada kidogo tu. Kwa uangavu wa maji, miezi ya Mei mpaka Julai siyo ya kudharau, siku nzuri unaona mita 25 au 30. Ila hiyo ni kwa aliyezoea baridi, wewe nenda Machi.

Kuhusu kuogopa: sehemu yenyewe haina shida, kuna kona nyingi zilizojikinga na nahodha anachagua upande kulingana na upepo. Cha kuwa nacho makini ni kina. Kuta zile zinashuka moja kwa moja, sehemu nyingine kupita mita 60 huko, na maji yakiwa maangavu hivyo mtu unajiona upo mita 15 kumbe kompyuta ya mbizi mkononi inasoma 28. Hakuna sakafu ya kukuzuia, kwa hiyo kubaliana na mwenzako kabla ya kuruka, tunaishia mita 20 basi, na kila mkiangalia geji mnaangalia na kina. Na wala hukosi kitu, mwani ule wa kahawia umejaa pale juu juu, chini yake kidogo sponji za rangi zote, mikunga wanachungulia kwenye nyufa, na Blue Maomao Arch samaki wanajaa kwenye tao mpaka mwanga unakatika. Vyote hivyo havihitaji uende chini sana.

Kwenye mwani utakuta maji yanakuvuta mbele yanakurudisha nyuma. Usipigane nayo, yakikurudisha tulia, yakienda mbele piga pezi.

KinaKirefu:
Asanteni sana, basi Machi. Sasa suti na vyuma? Na hewa, kuna aliyeniambia baridi inamaliza mtungi haraka, ni kweli?

FundiMitungi:
Ni kweli mkuu, na hesabu yake ni nyepesi. Mtungi wa lita 12 ukijazwa ba 200 (ba ni kipimo cha presha) una lita 2400 za hewa. Acha ba 50 za akiba, hizo ni lita 600, unabaki na 1800. Mita 20 chini kila pumzi inakula mara tatu ya juu, kwa hiyo kama juu unatumia lita 15 kwa dakika kule utatumia 45, unapata dakika 40. Ukiwa unatetemeka au una wasiwasi ukafika lita 20 kwa dakika, hiyo inakuwa 60 na dakika zako zinashuka mpaka 30. Ndo maana suti siyo ya kubania. Machi milimita 5 ndefu yenye hudi, ile kofia ya suti, inatosha watu wengi, ukijijua unasikia baridi chukua 7. Hudi usiiache, na suti ikubane vizuri maana maji yakiwa yanaingia na kutoka mgongoni unene wake haukusaidii.

Vyuma usichukue namba ya mtu, kila mwili na suti yake. Pima mwenyewe mbizi ya kwanza: mtungi ukibaki ba 50, toa hewa yote kwenye jaketi la mbizi (lile unalolijaza hewa ili uelee), shika pumzi ya kawaida, maji yanatakiwa yafike usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu. Ukipimia na mtungi uliojaa ongeza kama kilo 2, kwa sababu hewa yenyewe ina uzito, mtungi wa lita 12 uliojaa unabeba karibu kilo 3 za hewa. Watu wanaotoka bahari ya joto wanasahau kitu kimoja: suti nene inaelea sana juu ila ukishuka inabanwa, inakuwa nyembamba na inaacha kukubeba, kwa hiyo ukishajaza vyuma kupita kiasi utashuka kama jiwe, na pale chini pana ukuta usio na mwisho. Ongeza hewa kwenye jaketi kidogo kidogo tangu mita 5, usisubiri.

DadaWaMbizi:
Niongezee ya safari. Boti kutoka Tutukaka ni kama saa nzima, visiwa viko kilomita 22 hivi kutoka pwani na bahari ya katikati inaweza kuchafuka, kama unatapika baharini meza dawa kabla hujapanda, siyo ukishaanza kuona kizunguzungu. Beba koti la kuzuia upepo, kati ya mbizi mbili ndo watu wanapoa, na mbizi ya pili unaianza na mwili uliokwisha poa.

Visiwani hamshuki, hairuhusiwi bila kibali maana ni hifadhi na kuna tuatara, mtambaazi wa kule anayefanana na mjusi, na ndege wanaotaga mule. Baharini nako ni hifadhi tangu 1981, na tangu 1998 uvuvi wa aina yoyote ni marufuku, usiokote hata kombe.

Vifaa vyako ukivibeba visafishe vikauke kabisa kabla ya kuondoka, na uvitaje kwenye fomu ya uwanja wa ndege, wale jamaa wako serious na mchanga na mwani wa nchi za watu.

KinaKirefu:
Na ndege ya kurudi? Nilipanga nidaivu asubuhi niondoke usiku.

FundiMitungi:
Hapana kaka, hiyo badilisha. Ukifanya mbizi mbili siku hiyo subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Daivu mwanzoni mwa safari, siku za mwisho tembea Auckland. Na acha siku moja ya ziada, upepo ukigeuka boti haitoki.